Mkulima na Mgomo wa Reli

(Hotuba iliyosomwa Kipalapala katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Tumeombwa tuseme machache katika siku hii ya furaha. Juu ya bei, mikopo na daraja za tumbaku wamekwisha kusema vema waliotutangulia. Sisi tumechagua jambo ambalo kwa kawaida twalizungumza barazani tu, tena kwa hasira: mgomo wa wafanyakazi wa reli, na namna sisi wakulima tunavyowahukumu wanapodai mshahara.

Kwanza tukiri ukweli. Treni ikisimama, mkulima wa Tabora huumia. Mbolea isiyofika kabla ya mvua ni mbolea ya mwaka ujao, lakini deni lake ni la mwaka huu. Mitumba ya tumbaku ikikaa mno ghalani hukauka na kupungua uzito, au huingia unyevu na kuota ukungu. Basi si ajabu kusikia mzee akisema, "Hawa wana mshahara kila mwezi, sisi twangoja mwaka mzima. Wagome kwa lipi?" Neno hilo lina uchungu wa kweli, wala hatukuja kulidharau. Twauliza tu: je, ni neno la haki?

Ndugu wanachama, hapa Kipalapala tuko karibu na njia kuu ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Waliobeba mizigo katika njia hiyo walikuwa babu zetu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kutoka pwani hata Tabora ilichukua miezi miwili mitatu. Wengi wao walisafiri wakati wa kiangazi, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa nyumbani wapate kulima. Mkulima na mchukuzi alikuwa mtu mmoja.

Na mtu huyo alijua thamani ya bega lake. Posho ikipunguzwa, au mwendo ukizidi kipimo, wapagazi walitua mizigo chini wakakaa, hata mwenye msafara akubali kusema nao. Wasafiri wengi wa Kizungu waliandika habari hizo kwa chuki, wakawaita wavivu na wakaidi. Sisi wajukuu hatuwaiti hivyo. Twasema walikuwa watu waliojua haki yao.

Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Tabora mwaka wa 1912, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Tangu hapo yule mtu mmoja akawa wawili. Mmoja alibaki na jembe, mwingine akaenda kwenye gengi la kutengeneza njia, au kwenye karakana, au akawa dereva. Lakini bega ni lile lile. Twawezaje kumsifu babu aliyetua mzigo, kisha tumlaani mjukuu wake afanyapo vivyo hivyo? Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tutazame yaliyotokea. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli hata bara, ukafika Tabora. Mwaka wa 1960 chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli, kilichojulikana kwa herufi za TRAU, na ambacho katibu wake mkuu alikuwa Bwana Christopher Kasanga Tumbo, kiligoma kwa muda wa siku 82. Mwajiri alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Siku 82 bila mshahara si mchezo kwa mwenye watoto. Mtu hafanyi hivyo kwa uvivu.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Mwaka wa 1962 sheria mpya ilifanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka wa 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, Bwana Tumbo naye akawekwa kizuizini, na vyama vyote vikafutwa, mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA. Hoja iliyotolewa mara nyingi miaka ile, na ambayo mwaka wa 1967 Azimio la Arusha liliieleza kwa uzito, ni kwamba wakulima ndio walio wengi, na kwamba mji waweza kumnyonya mkulima. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Yapo mengi yaliyojengwa mjini kwa jasho la shamba.

Lakini yatupasa kuuliza: mfanyakazi aliponyamazishwa kwa jina la mkulima, je, mkulima alipata sauti? Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mazao yetu yakawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Hata mwaka wa 1982 ndipo sheria iliporudisha vyama vikuu. Wa kwanza kunyang'anywa chama chake alikuwa mfanyakazi. Sisi tulitazama. Miaka kumi na miwili baadaye zamu ikawa yetu. Hatusemi haya ili kuchokonoa vidonda. Twayasema kwa sababu sherehe ya leo isingekuwapo kama watu wasingekuwa na haki ya kuungana na kusema kwa sauti moja: kwa bei hii hatuuzi.

Na hicho ndicho chama cha wafanyakazi nacho kinachosema. Mkulima ana zao, mfanyakazi ana kazi yake. Kila mmoja akienda peke yake kwa mnunuzi, mnunuzi ndiye apangaye bei.

Miaka ya karibuni nayo inafundisha. Mwaka wa 2007 uendeshaji wa reli ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo RITES ya India ilikuwa na hisa 51 katika mia, na Serikali 49. Ikafuata migomo ya mishahara, na ubia ukavunjika. Kufikia mwaka wa 2011 Serikali ilikuwa imeichukua tena reli yote. Wakati ule wakulima walilalamika kwamba mabehewa hayatoshi na injini ni mbovu. Wafanyakazi nao walilalamikia reli hiyo hiyo. Malalamiko yalikuwa pacha, lakini kila mmoja alilia upande wake, tena mara nyingine akimlaumu mwenzake.

Je, twasema kila mgomo ni wa haki? La hasha. Mchukuzi anayetua mzigo mahali penye maji na kuni si sawa na anayeutupa mtoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka wa 2004 imeweka utaratibu: mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi kwa siku 30, wafanyakazi wapige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mfanyakazi anayeuruka utaratibu huo anatuumiza bila sababu, na yatupasa kumwambia hivyo waziwazi. Lakini mwajiri anayezila siku 30 bila kusema neno la maana, naye anatuumiza vile vile, ingawa hasira yetu humwendea yule tunayemwona stesheni tu.

Kwa hiyo twaomba mkutano huu ufikirie mambo mawili. La kwanza: notisi ya saa 48 humwendea mwajiri, wala si mkulima mwenye mitumba ghalani. Chama Kikuu chetu na kiandikiane na chama cha wafanyakazi wa reli, kiombe kujulishwa mapema, siku ile usuluhishi unapoanza, ili tupate kutoa mzigo wetu au kutafuta malori. La pili: katika siku hizo 30 chama chetu kisikae kimya. Kiende kusikiliza pande zote mbili, kisha kiwaambie wanachama ukweli kilioukuta. Tukifika huko na kukuta madai si ya haki, tuseme. Tukikuta ni ya haki, tuseme pia, hata kama mbolea yetu imechelewa.

Ndugu wanachama, jambo la pili ni gumu. Ni rahisi kumtetea jirani wakati mzigo wake hautugusi. Lakini chama kisichoweza kumsikiliza mchukuzi wake kitamwombaje mnunuzi akisikilize?

Tunamaliza kwa kuwatakia nyote msimu mwema, na chama chetu miaka mingine kumi, na zaidi.