MGONGO WA MCHUKUZI NA MATUNZO YAKE

(Haya ni maneno ya tabibu mmoja wa zahanati, aliyoyasema mbele ya wanachama wanaopakia na kupakua magunia katika magodauni ya Mombasa. Tumeyapiga chapa ili waliokuwa zamu nao wayapate.)

Niliombwa niseme juu ya maumivu ya kiuno, wala sikushangaa, maana watu wa kazi yenu wakija zahanati, wengi huja wameshika kiuno. Si ninyi peke yenu. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na maumivu hayo ndiyo yanayoongoza ulimwenguni kwa kuwazuia watu kufanya shughuli zao.

Kwanza tuondoe hofu. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu, na pembeni misuli na kano za kuzishikilia. Mtu akiinua gunia akasikia kiuno kimekamata ghafula, hudhani mfupa umevunjika au kisahani kimehama. Mara nyingi sivyo. Katika wagonjwa kumi wa kiuno, tisa hivi hawana ugonjwa mahsusi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Maumivu ni ya kweli, si uvivu, lakini hakuna kitu kilichoharibika, na wengi hupata nafuu kubwa katika majuma machache. Wengine husema, "Hii ni figo." Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, karibu na mbavu, mara nyingi upande mmoja, na huja na homa au mkojo wenye kuwasha au wenye damu.

Sasa wako wale wachache, na hapa naomba mtege masikio. Ukiona mkojo umefunga au unatoka bila wewe kujua, au choo hukiwezi kukizuia, au sehemu za siri na matako yamekufa ganzi, au miguu inalegea, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali kubwa saa ile ile, maana mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na ukichelewa waweza kubaki na ulemavu wa maisha. Jambo la pili ni homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hakikai kifuani tu. Huingia katika pingili na kuzila polepole, na mgonjwa huyo aweza kuwa hakohoi hata kidogo. Brusela nayo, ambayo watu huipata kwa maziwa mabichi au kwa kushika wanyama wanaougua, huuma kiuno vile vile. Zote mbili zina dawa, lakini si dawa ya kuchua. Tena, aliyeanguka kutoka juu ya lori au ngazi, aliyewahi kuugua kansa, na yule ambaye maumivu yake hayapungui hata akilala usiku, hao wote wapimwe vizuri. Kama maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti, ni mshipa unaosumbuliwa. Nayo kwa kawaida hupoa, ila huchukua muda mrefu zaidi, na yafaa tabibu akutazame tena.

Asiye na dalili hizo hahitaji picha. Najua jambo hili halipendezi. Mtu hutoa fedha za karo ya watoto akapigwe picha ya mgongo, kisha hurudi na karatasi iliyoandikwa kwamba visahani vimechakaa, na tangu siku ile hujiona mlemavu. Basi sikilizeni. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya habari za picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa. Katika vijana wa miaka 20, 37 kwa kila mia walikuwa na visahani vilivyochakaa. Katika wazee wa miaka 80, walikuwa 96 kwa mia. Ni kama mvi. Hatumtibu mtu mvi.

Na kitanda je? Zamani sisi matabibu tulikuwa tukiwaambia watu walale chali juu ya ubao majuma mawili. Shauri hilo limeachwa. Ukilala siku moja kwa sababu maumivu yamezidi, si neno. Ukiendelea kulala, misuli hulegea na maumivu hukaa zaidi. Ondoka, tembea nyumbani, nenda dukani, weka chupa ya maji ya moto kiunoni ikikupa nafuu. Ukisikia uchungu kidogo unapotembea, usiogope kuwa unajivunja.

Lakini lazima nieleze sana hapa, kwa kuwa maneno haya yakifika kwa msimamizi yatageuzwa. Kusema "usilale" si kusema "rudi leo ukabebe magunia." Mgongo unaopona unataka mwendo, hautaki kilo 50 kichwani mara mia kwa siku. Yafaa mtu arudi kazini mapema, ndiyo, lakini kwa kazi nyepesi: kuhesabu, kushona magunia, kufagia, na mzigo uongezwe kidogo kidogo siku kwa siku. Tabibu aweza kuyaandika hayo katika cheti, naye mgonjwa ayaombe yaandikwe. Cheti kisemacho "apumzike" tu humwacha mtu mikononi mwa nyapara.

Juu ya dawa nitasema kwa ufupi. Wengi humeza panado. Mwaka 2014 huko Australia wagonjwa zaidi ya 1,600 walipimwa: waliopewa panado walipona kwa siku 17 hivi, na waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa siku 16. Vidonge vya ibuprofeni na daiklofenaki husaidia kidogo, kwa siku chache, baada ya chakula. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au presha asijinunulie. Ile sindano ya duka la dawa, ambayo watu huiamini kwa kuwa inachoma, ni dawa ile ile. Mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani msitupie fedha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu yaliyokaa, halikuikubali.

Linalosaidia ni kutembea. Mwaka 2024 ilitolewa habari ya watu 701 huko huko Australia, ambao mgongo ulikuwa umeshapona. Nusu waliongozwa kutembea, wakiongeza taratibu mpaka dakika 30 mara tano kwa juma, wengine waliachwa. Wasiotembea walikaa siku 112 hivi kabla ya mgongo kurudia. Waliotembea siku 208. Najua mtasema, "Sisi twatembea kutwa." Mwatembea chini ya mzigo, ndugu zangu, na hayo ni mambo mawili.

Basi tufike kwenye mzigo wenyewe. Katika godauni huwekwa picha ukutani: kunja magoti, nyoosha mgongo. Haina ubaya. Lakini wachunguzi wamelipima fundisho hilo katika nchi nyingi, na fundisho peke yake halikupunguza maumivu ya mgongo. Kinachochosha mgongo ni uzito, na idadi ya safari, na haraka. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza kwamba mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru. Kwa hiyo mkizungumza na waajiri, msiombe picha nyingine ya ukutani. Ombeni mikokoteni, meza za kupakilia zilizo sawa na kitako cha lori, na watu wawili kwa gunia zito.

Mambo ya sheria Katibu ayajua kuliko mimi, ila moja nimeliona zahanati mara nyingi: mtu huumia Jumatatu, huja kwangu Ijumaa, na kazini hajamwambia mtu. Mwambie msimamizi siku ile ile, mbele ya shahidi, na uone imeandikwa. Madai ya fidia chini ya sheria ya mwaka 2007 yataka kuletwa kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Na aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki, kila mwaka, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima na 7 nyingine kwa nusu, akileta cheti. Vibarua wasidhani hayo hayawahusu: aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima, sheria humhesabu kuwa mtu wa mwezi.

Dalili za hatari nimeziandika katika karatasi moja, nimemwachia Katibu. Walio zamu ya usiku waipate kwake, na wasiojua kusoma wasomewe.