Samaki wa Babu, Kalamu ya Mjukuu



Leo naanza kwa kuungama. Mimi ni miongoni mwa wazee wanaoamini kwamba kijana akionekana ameinamia kioo cha mchezo, basi hapo kuna ada ya shule inayoteketea. Nimelisema jambo hilo mbele yenu si mara moja. Juma hili nalazimika kulipunguza makali, na aliyenilazimisha ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma chuo Dar es Salaam, mwaka wa pili, masomo ya kuchora kwa kompyuta.

Nilikwenda nyumbani Kigombe kuwaona wazee. Kwa asiyepajua, Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kando ya barabara itokayo Tanga mjini kwenda Pangani. Naye mpwa wangu alikuwa likizo. Usiku, yapata saa nane, niliamka kunywa maji nikamkuta kibarazani, uso umemulikwa na kioo. Nje kulikuwa kukavu na nyota zimejaa, lakini ndani ya kioo mvua ilikuwa ikinyesha, na kijitu chenye kichwa kikubwa kimesimama ufukweni na fimbo ya kuvulia.

"Hayo ndiyo masomo?" nikamwuliza. "Nusu ya ada yako inatoka mfukoni mwangu. Kumbe nakulipia uvue samaki wa uongo! Basi muhula ujao mwambie huyo samaki akulipie."

"Nisamehe, mjomba," alijibu kwa upole. "Lakini huyu ninayemngojea si wa uongo. Ni wa hapa hapa kwetu. Ni silikanti."

Nilivuta kigoda nikakaa.

Akanieleza. Mchezo wenyewe unaitwa Animal Crossing: New Horizons, umetengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani, ukatoka mwezi Machi mwaka 2020. Mchezaji anapewa kisiwa. Anajenga nyumba, anapanda miti, anavua, anaokota kombe. Hakuna anayepigwa risasi. Saa ya kisiwani ni saa ya kweli: kukicha huku, kunakucha na huko. Nyumba anakopeshwa, na deni lenyewe halina riba wala siku ya mwisho ya kulipa. "Nikirudi kutoka chuoni, mjomba," alisema, "kichwa kimejaa kodi ya chumba na nauli, pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayenidai kwa ukali."

Kisiwani kuna makumbusho, na mlinzi wake ni bundi. Ukimpelekea samaki ambaye hana, anampokea kwa heshima, anakusimulia habari zake, kisha anamweka ndani ya tangi watu wamtazame. Miongoni mwa samaki walio adimu mno ni silikanti, ambaye huja pwani wakati wa mvua tu. Ukimwuza dukani badala ya kumpeleka kwa bundi, unapata 15,000 za fedha ya kule.

Hapo, ndugu wasikilizaji, nikaona haya kwa niaba yetu sote. Mtoto huyu amezaliwa Kigombe. Hatua mia chache kutoka kibaraza hicho ndipo majahazi na ngalawa zinapoegeshwa. Lakini mara ya kwanza kuiona sura ya silikanti aliiona katika mchezo uliochorwa Japani. Sisi wakubwa zake hatukuwahi kumwonyesha.

Kwa faida ya wasiomjua samaki huyu, nitasema machache. Wataalamu walikuwa wakimjua kutokana na mifupa iliyogeuka mawe tu, na waliamini kwamba ukoo wake ulitoweka duniani miaka milioni 66 hivi iliyopita. Mwezi Desemba mwaka 1938, meli ya uvuvi ilimleta mmoja katika bandari ya East London, Afrika Kusini. Aliyemgundua katika rundo la samaki alikuwa mwanamke kijana, mtunzaji wa makumbusho madogo ya mji ule, Marjorie Courtenay-Latimer. Hakuwa na chumba cha barafu cha kumhifadhi. Alichofanya ni kuchukua kalamu, akamchora jinsi alivyo, akautia mchoro katika barua kwa Profesa J.L.B. Smith. Barua ilimfikia Smith mwanzoni mwa Januari 1939. Samaki mwenyewe alikuwa amekwisha tolewa matumbo na kukaushwa. Lakini kwa mchoro ule tu, wa haraka, usio na madoido, Smith alishituka na kuelewa alichokuwa akikitazama.

Wa pili alitafutwa kwa miaka 14. Smith alichapisha tangazo lenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Angalieni lugha hizo: hakuna hata moja ambayo mvuvi wa visiwa vyetu aliongea na mkewe. Lakini picha haihitaji mkalimani. Mwezi Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, Komoro, aitwaye Ahamadi Abdallah, alimtoa mmoja kwa mshipi, na sura ile ikatambuliwa kabla samaki hajaishia kitowewo.

Kwetu Tanzania alitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, huko kusini. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa pwani ya Tanga, wa Kigombe wakiwa miongoni mwao, wakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine katika majarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, toka mlango wa mto Pangani hadi kaskazini ya mji wa Tanga.

Sasa turudi kibarazani. Kulipokucha mpwa wangu alinionyesha kazi yake. Ana kompyuta ya mkononi aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, na ubao mdogo mweusi wenye kalamu isiyo na wino. Anachora ubaoni, mstari unatokea katika kioo. Programu anayotumia inaitwa Krita, na hutolewa bure. Alinifahamisha kwamba picha moja ni tabaka nyingi, kama vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: hiki kina mistari, hiki kina rangi, hiki kina mwanga. Ukikosea magamba unafuta kioo cha magamba tu, samaki anabaki salama. Mimi niliyefundishwa kuchora kwa mkaa na karatasi moja kwa muhula, nilimwonea wivu.

Picha ilikuwa nzuri. Silikanti mzima, wa rangi ya udongo, ametanda kioo kizima. Tukampelekea baba yangu mdogo, mvuvi aliyestaafu, ambaye katika ujana wake wa pili, kama anavyopenda kusema, jarife lake lilimleta silikanti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Leo umenikumbuka?" Ndio utani wa babu na mjukuu, mnaujua.

Mzee alivaa miwani akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu umemchora maiti."

Mpwa wangu akafahamu mara moja. Alikuwa amefuata picha za samaki waliohifadhiwa katika dawa, na silikanti akifa rangi yake huondoka. "Mimi nilimtoa bado anahema," mzee alisema. "Alikuwa buluu, kama kaniki iliyofuliwa mara mbili tatu. Na mabaka meupe, kama mtu aliyekuwa akipaka chokaa upepo ukamrushia. Jicho linang'aa kama la paka. Na haya mapezi umeyabandika mwilini kama ya changu. Si hivyo. Yeye ana vikono, pezi linaota mwishoni mwa kikono. Na mkiani kuna kimkia kingine kidogo, katikati. Hicho umekisahau."

Siku tatu mzee na mjukuu walikaa pamoja. Huyu anasema, yule anafuta na kuchora. Nadiriki kusema kwamba katika miaka yote niliyomjua baba yangu mdogo sikuwahi kusikia mambo niliyoyasikia siku hizo tatu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza akiwa na kalamu mkononi.

Siku ya tatu mzee aliomba aonyeshwe huo mchezo. Alipoambiwa bei ya silikanti alicheka hadi akakohoa. "Elfu kumi na tano! Wangu mimi hakuninunulia hata chumvi. Nyama yake ni mafuta matupu, halafu wakaja mabwana na mabegi wakamchukua." Kisha akauliza swali ambalo limenileta mbele yenu leo. "Katika kisiwa hicho, mvuvi asipopata kitu, watoto wanakula nini?"

"Kule hakuna njaa, babu," mpwa wangu alijibu.

"Basi huyo si mvuvi. Anacheza."

Tulinyamaza wote watatu. Kwa maana hapo ndipo tofauti ilipo. Katika mchezo, silikanti ukimvua leo, mvua ijayo atakuja mwingine. Silikanti wa kweli, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2021, anaweza kuishi karibu miaka 100, na jike hubeba mimba kwa miaka kama mitano. Ukimtoa jike mmoja mwenye mimba, umetoa ukoo. Ndiyo maana hifadhi inahitajika, na mimi naiunga mkono. Lakini mvuvi wa Kigombe naye si kijitu cha kwenye kioo. Hifadhi imekuja na masharti ya zana na mahali pa kuvulia, na sharti lolote la baharini hulipwa kwanza jikoni kwake. Anayesema "mwacheni samaki" na asiseme mvuvi atakula nini, naye pia anacheza.

Mpwa wangu hakubishana. Aliongeza tabaka moja katika picha. Chini, katika giza la maji, amebaki silikanti wa buluu na vikono vyake, na kimkia chake. Juu kabisa, padogo kama punje ya mchele, akachora ngalawa, na ndani yake mtu mmoja ameinama anavuta wavu. Huwezi kumwona mtu yule mpaka uusogeze uso wako. Ukishamwona, huwezi tena kumtazama samaki peke yake.

Picha ile ilitembea katika simu za watu. Haikupita juma, ofisi moja, ambayo jina lake naliacha, ikampigia. Waliitaka kwa bango. Masharti mawili: amtoe yule mtu katika ngalawa, kwa kuwa anachanganya ujumbe, na malipo hakuna, ila jina lake litaandikwa chini kwa herufi ndogo.

Aliniuliza, "Mjomba, niwape?"

Nakiri kwamba mdomo ulikwisha kufunguka kusema wape tu, mtoto wa kike, ujulikane kwanza. Ndivyo tulivyozoea. Seremala tukimwagiza meza tunauliza bei. Mchoraji tukimwagiza picha tunamwambia atajulikana. Gazeti, kitabu cha shule, bango la zahanati, vyote vinataka mchoro, na mchoraji ndiye wa mwisho kukumbukwa katika bajeti. Kisha tunashangaa kwa nini watoto wetu wanaijua bahari yao kutoka Japani. Wajapani wale waliochora silikanti wa mchezo hawakulipwa kwa kujulikana. Walilipwa mshahara, wakakaa, wakamchora vizuri hadi mtoto wa Kigombe akampenda.

Kwa hiyo nilifumba mdomo, nikamwambia ajibu mwenyewe. Akaandika barua fupi ya adabu. Akataja bei yake, ambayo ni chini ya bei ya mlango wa mninga. Na akasema kwamba mtu wa ngalawa atabaki. Hadi ninapozungumza nanyi hawajajibu. Huenda hawatajibu, na ada ya muhula ujao bado inasubiri. Nusu yangu nitailipa. Hilo nimekwisha mwambia, na maneno yangu ya saa nane za usiku nimeyafuta, kama yeye anavyofuta tabaka.

Ndugu wasikilizaji, siwaambii muwaache watoto wakeshe na michezo. Usingizi ni usingizi, na mitihani haifanywi na bundi. Nawaomba jambo dogo zaidi. Kabla ya kumnyang'anya kijana kioo, mwulizeni anatazama nini. Na kama nyumbani mna mzee aliyewahi kuona kitu ambacho dunia nzima inakitafuta, mkalisheni karibu na huyo kijana mwenye kalamu, angali anahema na rangi bado anazikumbuka.

Picha imetundikwa ukumbini kwa baba yangu mdogo, imechapwa Tanga mjini kwa gharama yake mwenyewe. Kila mgeni anaambiwa asogee karibu, atafute ngalawa.

Kwaherini hadi juma lijalo.