Maneno ya Kuonyesha katika Kiingereza



Leo twataka kunena juu ya maneno manne madogo ya Kiingereza: this, that, these na those. Ni madogo kweli, lakini barua inayoyatumia ovyo yaweza kumfanya mpokeaji arudishe kitu kisichotakiwa na kukiweka kinachotakiwa.

Kwanza, hesabu yake. Kiswahili kina daraja tatu: kitabu hiki kilicho karibu nasi, kitabu hicho kilicho karibu nawe, au kilichokwisha kutajwa, na kitabu kile kilicho mbali nasi sote. Kiingereza kina daraja mbili tu, this kwa kilicho karibu na that kwa kilicho mbali. Neno letu "hicho" halina mwenzake kamili. Kitabu kilichomo mkononi mwa yule tunayemwandikia huitwa that book. Lakini jambo tulilolitaja punde hivi laweza kuitwa this matter.

Pili, Kiswahili hufuata ngeli, bali Kiingereza hufuata idadi tu: this na that kwa kimoja, these na those kwa vingi. Hapo ndipo penye hatari. Tukiandika, "Barua na kitabu vimefika, hiki kirudishwe," kila mtu ajua kuwa ni kitabu. Tukiandika, "A letter and a book have arrived, please return this," mpokeaji arudishe kipi? Ile "ki" imepotea, wala hapana cha kushika nafasi yake ila jina lenyewe: "please return this book." Neno hili likitangulia jina ni kivumishi, likisimama peke yake ni kiwakilishi. Basi palipo na vitu viwili, lisiachwe peke yake.

Tatu, tusidanganywe na wingi wa lugha yetu. Twasema "habari hizi," lakini Kiingereza ni this news. "Samani hizi," this furniture. "Mashauri haya," this advice. Kadhalika "barua yangu hii" si this my letter, ni this letter of mine.

Nne, kulinganisha. Mtu akiandika, "The salary of a junior clerk is less than a senior clerk," amelinganisha mshahara na mwanadamu. Na aandike, "than that of a senior clerk". Na vikiwa vingi, kama duties, aandike those of. Mwenye kuandika ombi la mshahara asilisahau neno hilo, maana hoja ya haki ikiandikwa vibaya humpa mkubwa nafasi ya kuicheka badala ya kuijibu.

Basi twawasihi, kabla ya kutia sahihi, tafuteni kila this na that iliyomo baruani, mkajiulize: ni kitu gani? Jibu likikawia kuja, jina na liandikwe.