Fimbo si faini

Leo tuko Kihonda, kando ya barabara ya Dodoma. Bodaboda amebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na hana kofia ngumu. Trafiki anamsimamisha, anachomoa ufunguo, na kabla ya neno la pili kofi limeshatua.

Kosa lipo, tusilifiche. Lakini adhabu yake ni faini, ambayo kwa bodaboda na bajaji Serikali iliishusha mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Hakuna kofi kwenye orodha ya adhabu.

Wapo wanaosema vijana hawa hukimbia na kugonga watu, bila nguvu hawasimami. Ni kweli wengine hukimbia. Na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu askari kutumia nguvu ya kiasi kwa anayepinga kukamatwa. Ila aliyekwisha kusimama, mikono kwenye usukani, anapigwa kwa lipi? Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Na hata kwa anayekimbia, kumrukia dereva aliye kwenye mwendo ni kumwangusha yeye na abiria wake. Mimi hapo sioni usalama barabarani hata kidogo.

Ukisimamishwa, simama. Uliza kosa kwa upole. Una haki ya kuambiwa. Ukiumizwa, chukua fomu ya PF3 kituo cha polisi, katibiwe, kisha peleka malalamiko kwa mkuu wa kituo au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.