Saa iliyokufa pamoja na kampuni yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Komite imetuomba tueleze kazi ya meza ya mafundi, zaidi sana zile saa za mkono zilizofika ndani ya karton ya misaada. Tumesikia watu wakisema: meza inakula feza ya mutualite juu ya michezo ya Wazungu. Basi tutaeleza, na leo mtapiga kura kama meza iendelee ao ifungwe.

Zile saa zinaitwa Pebble. Ni saa zinazoongea na telefone kwa Bluetooth. Zilianza mwaka 2012, wakati kijana mmoja wa Canada, Eric Migicovsky, alipoomba watu wamchangie kwenye intaneti, akapata zaidi ya dola milioni 10. Lakini Desemba 2016 kampuni ilifunga milango, ikauza programu zake kwa Fitbit, na tarehe 30 Juni 2018 seva zikazimwa. Ndiyo maana watu kule Ulaya na Marekani walizitupa ndani ya droo, na kutoka kwenye droo zikafika kwetu: saa tisa, kebo mbili. Tutarudi kwa hizo kebo.

Saa yenyewe haikuwa imekufa. Watu wa kujitolea wanaojiita Rebble walisimamisha seva zao. Kuna pia programu ya telefone inayoitwa Gadgetbridge, ambayo haiombi akaunti wala intaneti. Hiyo ndiyo tunayotumia, juu ya mega ni bei. Kijana mmoja aliipakua mara moja tu, akaigawia wenzake kwa Bluetooth. Na telefone zetu za zamani hazina shida: hata ile programu ya kwanza ya Pebble inakataa telefone fulani za kisasa, za zamani inazikubali.

Sasa kazi ya mikono. Vijana wetu wawili walijifunza kufungua telefone kule kambini Nyarugusu, kwa hiyo mkono wanao. Saa ambayo haiingizi moto, kwanza wanasafisha vile vidoti vya kuchajia kwa alkoli. Saa mbili ziliamka hapo hapo. Nyingine skrini ilijaa mistari, kama televisheni wakati wa mvua. Hiyo inatokana na mguso kati ya skrini na plaketi, umelegea. Inabidi kufungua, na Pebble imefungwa kwa gundi, haina visi. Mama wa saluni alituazima mashine yake ya kukausha nywele, gundi ikapata joto pole pole, tukapitisha kipande cha karata ya mayunite pembeni. Ndani tukaweka karatasi iliyokunjwa, ikabana skrini, mistari ikaisha. Karatasi tu! Tukafunga kwa gundi ya mafundi wa telefone. Ila ikishafunguliwa, maji ya ziwa iyaogope, hata kama kiwandani iliwekewa kinga ya mita 50.

Mbili bateri zimevimba. Hizo hazichomwi kisu, hazichajiwi, hazikai ndani ya nyumba yenye watoto. Tumezitenga. Mbili zimekuwa vipuri. Kwa hesabu: tano zinatembea.

Zinatembea kwa nani? Hapa ndipo tunataka mtusikilize vizuri. Pebble hizi za kwanza hazina spika. Mtu anaweka saa ya kuamka, na ikifika inatetemeka mkononi, hakuna jirani anayesikia. Kati yetu kuna wanaokunywa dawa kila siku kwa saa ileile. Wanaishi familia tatu ndani ya nyumba moja, na telefone ikilia kila usiku maswali yanaanza. Mmoja alikuwa anaruka dozi juu ya haya. Tangu apate saa, haruki. Hatutasema ni nani, na tunaomba msitafute. Mwingine ni fundi cherehani asiyesikia, ambaye zamani alimtegemea mtoto wa jirani kumwamsha siku ya soko.

Na moto: ikiwa nzima, inaweza kukaa mpaka siku saba kwa chaji moja. Saa nyingi za kisasa zinaomba umeme kila siku. Hapa kwetu, ambapo unalipa franka kwa kila chaji kwenye kibanda cha sola, hiyo si hesabu ndogo.

Kwa wafadhili tunasema wazi, bila kuwavunjia heshima: saa bila kebo yake ni jiwe. Kebo ya Pebble ina sumaku, haipatikani sokoni, na ya mfano mmoja huenda isiingie kwa mwingine. Leo watu watano wanapokezana kebo mbili. Mkiwa na karton nyingine, wekeni kebo, na bisibisi ndogo. Saa ambayo bila seva ya kampuni haiwaki kabisa, bakini nayo.

Meza inaomba feza ya gundi, alkoli, risasi ya kuchomea, na kodi ya pembe ile ya saluni kwa miezi mitatu. Mweka hazina anayo karatasi ya bei. Maswali kwanza, halafu kura.