Karatasi za Michezo Iliyopotezwa: Juu ya Uteuzi wa Wachezaji na Makocha wa Timu ya Taifa ya Sataranji ya Vijana

Kila unapokaribia msimu wa kuteua timu ya taifa ya vijana ya sataranji, mchezo ambao wengi katika Afrika Mashariki huuita chesi, hurudi hoja inayovutia kwa wepesi wake: kamati ya uteuzi ivunjwe, orodha ya alama ibandikwe ukutani, mstari upigwe chini ya jina la tano, na waliobaki juu ya mstari huo wakatiwe tiketi. Wanaoitetea hoja hii wana uchungu wa haki, kwa kuwa wameona watoto wa wakubwa wakisafiri na watoto wenye uwezo wakibaki nyumbani, na namba, kama wasemavyo, haina mjomba wala shangazi. Uchungu huo unastahili kuheshimiwa. Tiba inayopendekezwa, hata hivyo, imetokana na kuielewa vibaya namba yenyewe, na kwa sababu hiyo mhadhara huu utakaa hapo kwa muda mrefu kabla ya kugusa jambo jingine.

Namba inayozungumzwa ni alama ya Elo, iliyopewa jina la Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria wa mwaka 1903 aliyehamia Marekani akiwa mtoto, akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee, na mwenyewe akawa mchezaji hodari wa jimbo la Wisconsin. Mfumo wake ulipokewa na shirikisho la Marekani mwaka 1960 na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, yaani FIDE, mwaka 1970, naye akaueleza kwa kina katika kitabu alichokichapisha mwaka 1978, kitabu ambacho kingesomwa na kila mjumbe wa kamati ya uteuzi, mabishano mengi yangekoma. Msingi wake ni huu: uchezaji wa mtu hupanda na kushuka siku hadi siku kuzunguka wastani fulani, na alama ni makadirio ya wastani huo kutokana na matokeo yaliyokwishapatikana. Mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kupata takribani pointi 76 katika michezo 100 baina yao; anayemzidi kwa 400 hutarajiwa kupata kama 91. Matarajio hayo ni ya michezo mingi, wala mfumo haukuahidi lolote kuhusu mchezo mmoja wa Jumamosi asubuhi. Elo mwenyewe alilisema jambo hili kwa unyenyekevu wa mwanasayansi, alipoufananisha upimaji wa nguvu ya mchezaji na kazi ya kupima mahali kilipo kizibo kinachochezacheza juu ya maji, ilhali ufito wa kupimia umening'inizwa kwenye kamba na unayumbishwa na upepo. Ni vigumu kupata mvumbuzi mwingine aliyewaonya watumiaji wa kipimo chake kwa uwazi wa namna hiyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba onyo lake limesahauliwa na wale wanaolitaja jina lake kila siku.

Kwa vijana upepo huo ni mkali zaidi. Kanuni za FIDE hutumia kizidishi, yaani namba inayoamua mchezo mmoja utaisogeza alama kwa kiasi gani, nacho ni 40 kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18 ambaye alama yake haijafika 2300, wakati kwa aliyewahi kufikia 2400 ni 10. Kijana akimshinda mpinzani wa alama sawa na yake huongezewa 20, na mkongwe kwa ushindi wa aina hiyo huongezewa 5. Kizidishi kikubwa kimewekwa kwa nia njema, kwa kuwa mtoto hukua haraka na alama inapaswa kumfuata, lakini maana yake ni kwamba mashindano mawili mazuri, au homa ya siku tatu, yanaweza kubadilisha mpangilio wa majina matano ya juu.

Ushahidi mkubwa zaidi ulipatikana tarehe 1 Machi 2024. Siku hiyo FIDE, ikitaka kurekebisha hali ambayo alama za chini zilikuwa zimeporomoka kupita kiasi, ilipandisha alama ya chini kabisa hadi 1400, na kila aliyekuwa chini ya 2000 akaongezewa sehemu 40 katika 100 ya upungufu wake kutoka 2000. Aliyekuwa na 1200 aliamka akiwa na 1520, na aliyekuwa na 1500 akawa na 1700. Pengo la alama 300, ambalo jana lilimtabiria mwenye nguvu pointi 85 katika michezo 100, likawa pengo la 180 linalomtabiria pointi 74, na hakuna kete hata moja iliyosogezwa usiku ule. Mpangilio haukubadilika, ni kweli, lakini anayedai kwamba namba ni ukweli wenyewe anapaswa kueleza ni pengo lipi kati ya hayo mawili lililo la kweli.

Na hapo bado halijatajwa suala la nauli. Alama hupatikana katika mashindano yaliyosajiliwa, na mashindano hayo hufanyika zaidi katika miji mikubwa, hivyo orodha hupima pia mfuko wa mzazi.

Kuna ushahidi mwingine ambao kila mtoto huubeba, na ambao kamati huupuuza. Katika mchezo wa muda mrefu mchezaji hulazimika kunakili hatua zote, zake na za mpinzani, kwenye karatasi maalumu, na kwa hiyo sataranji ni mchezo ambao kushindwa huacha maandishi kamili. Mzungumzaji wa mhadhara huu aliwahi kukaa katika kamati ambayo haina haja ya kutajwa, ambako mezani palikuwa na orodha ya alama na chupa za maji, na msichana wa miaka 13 aliyekuwa wa saba katika orodha aliachwa kwa mazungumzo ya dakika mbili. Jioni baba yake alileta daftari lililobandikwa karatasi zake. Mchezo mmoja wa Januari ulionyesha kwamba aliingia katika hatua ya mwisho, kete zikiwa chache, akaipeleka ngome yake mbele ya kitunda chake badala ya nyuma yake, akashindwa. Mchezo wa Aprili ulionyesha hali karibu ileile, ngome ikiwa mahali pake, na pembeni mwa kila hatua alikuwa ameandika dakika zilizobaki. Mtoto yule alikuwa amejifundisha, na hakuna safu katika orodha inayoonyesha jambo hilo. Uteuzi ulikuwa umekwishatiwa saini.

Itapingwa kwamba kusoma karatasi ni hukumu ya mtu, na mtu hukosea. Pingamizi hili ni zito, na mfano wake mkubwa unatoka kwa msomaji bora kuliko wote. Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia, alipomwona Anatoly Karpov shuleni kwake katika miaka ya 1960, alitamka kwamba mvulana yule haujui mchezo na hana mustakabali ndani yake. Mwaka 1975 Karpov akawa bingwa wa dunia. Hata hivyo, Botvinnik hakumfukuza. Alimpa kazi za nyumbani, na Karpov aliandika baadaye kwamba kazi zile ndizo zilizomlazimisha kufungua vitabu. Hukumu ya siku moja ilikuwa na kosa, lakini ufuatiliaji ulimfaa mtoto. Basi dosari iko katika kusoma mara moja, na usomaji wenyewe unabaki na thamani yake.

Usomaji wa kurudiarudia unamhitaji mtu wa kuufanya, na hapa ndipo utaratibu uliozoeleka unapokwenda kinyume, kwa kuwa wachezaji huteuliwa kwanza na kocha huokotwa wiki ya safari, mara nyingi kwa sababu yeye ni mchezaji hodari au kwa sababu anaweza kujilipia. FIDE hutoa vyeo vya ukocha mbali na vyeo vya uchezaji, kwa kutambua kwamba kufundisha ni kazi nyingine. Robert Katende alikuwa Katwe, Kampala, akiwafundisha watoto wa mtaa ule kabla shirikisho lolote halijawa na sababu ya kuwatafuta huko, na ndipo mmoja wao, Phiona Mutesi, akafika kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk mwaka 2010. Katika Olimpiadi ya vijana walio chini ya miaka 16, wanne hucheza na mmoja hupumzishwa kila raundi, na anayeamua nani apumzike baada ya kushindwa kwa uchungu anapaswa kuwa amezisoma karatasi za kushindwa kwa mtoto huyo kwa miezi, si kuambiwa alama yake katika uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kocha ateuliwe kwanza, walau miezi sita kabla, na asiwe na mwanafunzi wa kumlipa miongoni mwa wagombea. Orodha ya alama itumike kuchagua 15 wa kuitwa kambini, pamoja na nafasi chache za watoto walioletwa na walimu wa mikoani bila alama yoyote. Wote wacheze mashindano ya kila mmoja na mwenzake, na matokeo yabandikwe wazi ili upendeleo usipate pa kujificha. Kila mmoja alete karatasi 10 za michezo aliyopoteza, zikiwa zimefutwa majina na kupewa namba, na kocha aandike sababu zake chini ya kila moja kabla ya kujua ni ya nani.