Daftari, Ghala na Stima: Mhadhara Juu ya Hifadhi ya Klasta Ndogo



Mwaka 2014 Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi ilianzisha papa hapa Kayole Soweto huduma iitwayo Jisomee Mita, ambayo kwayo mwenye nyumba huisoma mita yake mwenyewe, akazituma tarakimu kwa simu, akaletewa ankara, akailipa kwa simu ile ile, asimngoje msomaji mita wala asipange foleni. Walioisifu huduma hiyo aghalabu waliisifu simu. Mimi, kwa tabia ya kazi yangu, huuliza jambo lingine: tarakimu zile zikishatumwa hukaa wapi, nani anashuhudia kwamba zimeandikwa, na stima ikipotea katikati ya kuandikwa, hatima yake ni nini? Kwa Jisomee Mita jawabu ni jepesi, maana daftari li mbali na mtaa, katika kompyuta za kampuni. Lakini leo kliniki, shule na sacco ya matatu zaweza kuendesha programu zao zenyewe katika visanduku vidogo vilivyowekwa juu ya kabati, na daftari likahamia mtaani pamoja na visanduku hivyo.

Jambo hili limewezekana kwa sababu ya Kubernetes, msimamizi wa kontena (vifurushi vya programu) aliyetolewa na Google mwaka 2014, na zaidi kwa sababu ya K3s, mdogo wake, aliyetolewa na Rancher Labs mwaka 2019 katika faili moja isiyofika megabaiti 100. Wepesi huo ni wa kweli, illa ni wepesi wa programu tu. Mzigo wa kuhifadhi haukupunguzwa na mtu yeyote, na anayedhani umepunguzwa atajua usiku asioutaraji.

Hifadhi zenyewe ni mbili, na taabu nyingi nilizoziona zimetokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni daftari la klasta, yaani la kundi la mashine zinazosimamiwa pamoja: kontena zipi ziwe zikienda, katika mashine ipi, kwa siri zipi. Ya pili ni ghala la data za watu, yaani kadi za wagonjwa, karo na hesabu za magari. Daftari likipotea, mtaalamu mwenye subira aweza kuliandika upya; ghala likipotea, hakuna wa kuliandika.

Kubernetes hutunza daftari lake katika etcd, na etcd hufuata kanuni ya Raft, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford mwaka 2014, isemayo kwamba neno halihesabiwi limeandikwa mpaka nodi zilizo nyingi, yaani zaidi ya nusu ya mashine za daftari, zikubali. Akina mama wa chama wanaielewa kanuni hiyo kuliko wanafunzi wangu, kwa kuwa kikao kisicho na akidi hakipitishi kitu. Nodi tatu zastahimili kufa kwa moja. Tano, kwa mbili. Na mbili, la ajabu, hazistahimili kufa kwa yoyote, kwani mmoja kati ya wawili si wengi, hivyo mwenye mashine mbili amejiongezea njia za kuharibikiwa asijiongezee usalama.

Hapa naomba tutue kidogo. Kila etcd inapoandika, huilazimisha diski iape kwamba maandishi yameshatua mahali pasipofutwa na giza, nayo hungoja kiapo hicho. Inayopendekezwa ni diski iapayo, karibu kila mara, ndani ya milisekunde 10. Kiongozi wa klasta hutuma salamu kila milisekunde 100, na wafuasi wasipoisikia kwa muda wa sekunde moja hivi huitisha uchaguzi. Sasa chukua kadi ya SD, iliyotengenezewa picha za kamera, ambayo huweza kusita kwa muda ulio mrefu kuliko huo ili ijipange ndani. Kiongozi hakufa wala waya haukukatika, walakini ameuzuliwa kwa sababu kadi ilichelewa kuapa, na mwenye klasta hukesha akiutafuta ubovu kwenye mtandao, ambao hauna kosa.

Kwa bahati njema, K3s ikiwa na seva moja kwa desturi haitumii etcd; daftari lake ni faili ya SQLite, hifadhidata aliyoianza Richard Hipp mwaka 2000, na kipande kiitwacho Kine husimama baina ya K3s na faili hiyo kama mkalimani. Wako wanaoidharau kwa kuwa ni faili tu. Siwaafiki, maana seva iliyo peke yake haina uchaguzi wa kushindwa. Fauka ya hayo, atakayepanuka baadaye aweza kuihamishia klasta ile ile kwenye etcd, basi kuanza na dogo si kifungo. Kwa daftari kuna pia hifadhidata ya dqlite, itumiwayo na MicroK8s ya Canonical, ambayo waundaji wa K3s waliijaribu wakaiacha. Na kuna kuliweka daftari katika hifadhidata ya PostgreSQL iliyo nje, jambo jema kwa mwenye mtu wa kuitunza hiyo PostgreSQL.

Hoja yangu kubwa ni stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, nchi nzima ikaingia gizani (tumbili, niseme kwa insafu, alinusurika). Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, Kenya ilizimika tena, na hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta iliyotarajiwa kuwaka haikuwaka. Mashine tatu zilizochomekwa katika soketi moja ya ploti moja ni mashine moja iliyonunuliwa kwa bei ya tatu. Waliobuni BRCK hapa Nairobi mwaka 2013 walilijua hilo, ndiyo maana kisanduku chao cha intaneti kilizaliwa na betri tumboni.

Kuhusu ghala nitakuwa mfupi. K3s huja na njia ya kuiweka data katika diski ya mashine ile ile, ambayo ni ya haraka, ila data haihami mashine ikifa. NFS, njia ya kushiriki mafaili kwa mtandao, ya Sun Microsystems tangu miaka ya 1980, ni rahisi kwa mafaili ya kawaida, ila msiiwekee faili ya SQLite, maana kufuli zake hazitegemeki huko. Longhorn, ghala linalosambaza data katika mashine kadhaa, hutunza nakala tatu kwa desturi yake, kwa hiyo gigabaiti 100 zitakula 300, na kila andiko hupita kwenye mtandao hadi kwa nakala zote kabla ya kukubaliwa: kwa waya ni sawa, kwa waifai ni mateso. Ceph ya Sage Weil, ghala jingine la namna hiyo, tuwaachie wenye wahandisi wa zamu.

Na nakala tatu si akiba. Karani akifuta kadi ya mgonjwa kwa bahati mbaya, Longhorn itaifuta mara tatu kwa uaminifu mkubwa. K3s yenye etcd hupiga picha ya daftari kila baada ya saa 12 na kutunza picha tano, lakini huzitunza katika diski ya mashine ile ile isipoelekezwa kwingine. Na mwenye kulinakili daftari akaiacha tokeni ya seva, yaani neno lake la siri, ataliona daftari lake asiweze kulifungua.

Kwa kliniki ya Kayole, basi, nahukumu hivi: mashine moja, diski ya SSD, SQLite, UPS iwezayo kuiamuru mashine ijizime kwa utaratibu, na kila usiku nakala ipelekwe nje ya jengo ikiwa imefungwa kwa ufunguo wa siri, kwa kuwa data za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mashine tatu na etcd zingoje mpaka pawepo SSD tatu, waya, vyanzo vya stima vilivyotengana, na mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Nanyi mlio na klasta tayari, nawasihi jambo moja: wiki hii chukueni nakala ya jana, muirudishe katika mashine tupu, mtazame kama kadi za wagonjwa zinafunguka.